Mti Ndani ya Nyumba: Ujenzi wa Imre Makovecz

Katika mwaka wa 1992 mataifa yalikusanyika Sevilla, nchini Hispania, kwa maonyesho makubwa ya ulimwengu. Hungaria, iliyokuwa imetoka karibuni katika utawala wa Kikomunisti, ilijenga huko nyumba ya mbao yenye minara 7. Ndani yake ulisimamishwa mwaloni mzima uliochunwa gome, na sakafu ikafanywa ya kioo ili watazamaji waione mizizi kama walivyoyaona matawi.

Aliyeibuni nyumba hiyo ni Imre Makovecz, aliyezaliwa Budapest mwaka wa 1935 na kuhitimu chuo kikuu cha ufundi cha mji huo mwaka wa 1959. Siku zile serikali ilihimiza maghorofa ya mabamba ya saruji yaliyotengenezwa viwandani, yote sura moja. Makovecz hakuridhika nayo. Kwake yeye jengo lilikuwa kama kiumbe, lenye kuunganisha ardhi na mbingu. Na katika fikira hizo alifuata mafundisho ya Rudolf Steiner, kazi za Mmarekani Frank Lloyd Wright, na sanaa ya wanavijiji wa kwao. Msimamo huo haukuwapendeza wakubwa, na tangu mwaka wa 1977 akawa mjenzi wa idara ya misitu ya Pilis. Waliomtenga, pasipo kukusudia, walimweka penye mbao.

Ukumbi wa maziko wa Farkasrét, Budapest, alioujenga katika miaka ya 1970, wadhihirisha nia yake. Ndani yake ni mfano wa kifua cha binadamu: mbavu za mbao zimepinda huku na huku, na jeneza huwekwa mahali pa moyo. Hivyo marehemu huagwa kifuani mwa mtu, hata katika dola isiyotaka kutaja roho.

Wako waliomlaumu kwamba alitukuza mno utaifa na kutamani zama zilizopita. Lawama hiyo haifai kupuuzwa, na mwaloni wa Sevilla wenyewe waweza kuitilia nguvu. Kwani mizizi haionekani mpaka mti ung'olewe, na mti uliong'olewa hauchipui tena. Lakini taifa lililokatazwa kwa muda mrefu kuitazama asili yake lilihitaji kuiona kwanza, ndipo liamue la kupanda. Makovecz alifariki mwaka wa 2011.