Semboja wa Mazinde: Bunduki, Utawala na Amana ya Raia



Anayetoka Korogwe kwenda Same, akishaipita Mombo, hufika Mazinde, chini ya milima ya Usambara. Wengi wanapajua kwa mashamba ya mkonge. Lakini katika miaka ya 1870 hapo ndipo alipokaa Zumbe Semboja, mtu aliyeishika nchi ya Wasambaa bila kukaa kwenye kiti cha mfalme. Tumeona tuitazame kazi yake, kwa sababu ndani yake mna suala la kifiqhi linalomhusu kila aliyekabidhiwa watu.

ASILI YAKE

Semboja alikuwa Mkilindi, wa ukoo wa Mbegha aliyetoka Unguu, sehemu ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndani ya wilaya ya Handeni. Baba yake, Kimweri ye Nyumbai, alitawala kutoka Vugha mpaka alipofariki mwaka 1862. Mmisionari Krapf, aliyefika huko mwaka 1848 na 1852, alikuta Uislamu umekwishaingia nyumbani kwa mfalme, na baadhi ya wanawe wamejifunza kusoma na kuandika.

Wasambaa walikuwa na kipimo chao cha utawala. Mfalme mwema huitengeneza nchi, kuzifya shi. Mbaya huiharibu, kubana shi.

KUPANDA KWAKE

Aliyerithi kiti ni mjukuu wa Kimweri, Shekulwavu. Semboja, ami yake, alikuwa na kitu ambacho kijana hakuwa nacho. Mazinde ipo kwenye njia ya misafara ya kwenda Pangani, na kwa njia hiyo alipata bunduki na baruti. Akamfukuza Shekulwavu Vugha, akamweka mwanawe mwenyewe, Kimweri Maguvu, naye akabaki Mazinde penye biashara. Wakati huohuo Wabondei waliinuka wakawatoa Wakilindi katika nchi yao, na himaya ya Kimweri ikakatika vipande.

BUNDUKI ZILILIPWA KWA NINI?

Zililipwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Mazumbe waliokuwa wakipokea kodi wakaanza kuwakamata raia wao, kwa vita au kwa kisingizio cha deni na faini, wakawapeleka pwani.

Msiba huu haukuanza na Semboja. Ng'ambo ya mto, katika Uzigua, njaa ya miaka ya 1830 iliwafanya watu wajiweke rehani wao na watoto wao ili wapate chakula, na wengi wakaishia kuuzwa Somalia. Vizazi vyao huko bonde la Juba walikihifadhi Kizigua, na baadhi yao, wakikimbia vita vya Somalia, walirudi kupokewa Chogo, wilayani Handeni.

HUKUMU YAKE

Mafakihi wamekubaliana kuwa asili ya mwanadamu ni uhuru. Katika sharti za rehani ni kuwa kinachowekwa kiwe mali inayofaa kuuzwa. Muungwana si mali, basi rehani yake ni batili tangu mwanzo, hata kama mwenyewe ameridhia kwa njaa. Na katika hadithi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), aliyemuuza muungwana na akala thamani yake ni miongoni mwa watatu ambao Allah Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Basi mavazi ya pwani na barua za herufi za Kiarabu hazikuweza kuihalalisha biashara ile.

MWISHO WAKE

Mwaka 1890 Semboja alikubali bendera ya Wajerumani, naye akafariki mwaka 1895. Mwaka huohuo Wajerumani wakamnyonga mwanawe Mputa, aliyekuwa akitawala Vugha. Abdallah bin Hemedi, aliyeijua nyumba ya Semboja kwa karibu, ameyahifadhi mengi katika Habari za Wakilindi.

Husemwa kuwa ufalme ule ulivunjwa na wageni. Sisi tunaona wageni waliukuta umekwishavunjika. Raia aliyeuzwa na zumbe wake hana sababu ya kumpigania, na bunduki iliyonunuliwa kwa watu haina watu wa kuilinda. Leo hauzwi mtu sokoni, lakini kiongozi anayekula haki za aliowekewa kuwachunga, awe wa serikali, wa kijiji au wa msikiti, naye amekhini amana ileile.

Wallahu a'lam.