Pigo la Jembe na Hesabu ya Mashine

Somo la leo ni historia, lakini kalamu na saa yenye mshale wa sekunde vitatufaa pia.

Ninyi mliokulia Usukumani mwajua jinsi shamba lilivyolimwa kwa nyimbo. Vijana walijipanga, majembe yakapanda na kushuka pamoja, na mwimbaji akawaongoza. Baada ya Vita Kuu ya Pili pamba ilienea sana katika nchi hii, na vyama vya kulima vikapata kazi nyingi. Bugobogobo, ngoma ya majembe, imetoka katika kazi hiyo. Sasa angalieni: mwendo wa wimbo wa namna hii hutoka mikononi mwa watu. Wakichoka, hupungua, mwisho wa tuta ukikaribia, huongezeka.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika ya Kusini, alipita Tanganyika na mitambo yake akanasa nyimbo za makabila mengi, Wasukuma wakiwamo. Mwaka 1954 alianzisha huko Afrika ya Kusini maktaba ya muziki wa Afrika, ambayo ipo hata leo. Mwaka 2016 sauti alizonasa Malawi zilitiwa katika nyimbo mpya za dansi kwa kompyuta, katika albamu ya Beating Heart. Kazi ya namna hiyo ina shida yake.

Kompyuta ya muziki hutaka kuambiwa mapigo mangapi kwa dakika. Tuseme wimbo wa jembe una mapigo 40 katika sekunde 30 za kwanza. Zidisha kwa 2, utapata 80. Unaiambia mashine 80. Lakini walimaji wamechangamka, na dakika ya tatu wanapiga 88. Katika dakika hiyo moja tu mashine imebaki nyuma mapigo 8! Kinanda ulichoongeza kinakwenda huku, wazee wanakwenda kule.

Zamani za utepe dawa ilikuwa kuuendesha upesi au polepole, na sauti ikabadilika nayo: mzee akaimba kama mtoto. Kompyuta yaweza kuvuta wimbo au kuufupisha bila kugusa sauti. Basi wengi huukatakata wimbo na kuulazimisha ufuate 80 tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa dansi la mjini sina ugomvi nao. Kwa wimbo wa jembe naona ni hasara, maana hapo walipoharakisha na hapo walipopumua ndipo palipoandikwa kazi yao, na hatuna maandishi mengine ya shamba lile.

Iko njia ya pili. Sikiliza wimbo, nawe gonga kitufe kwa kila pigo. Programu itaweka alama, kisha saa yake itapanda na kushuka kama walivyofanya waimbaji. Alama ya kwanza iwe juu ya pigo la kwanza, si juu ya kikohozi au ukimya wa mwanzo. Ni kazi ya kuchosha, yaweza kula mchana mzima kwa wimbo mmoja.

Zoezi: mwombeni mzee mmoja aimbe wimbo wa kulima. Hesabuni mapigo kwa sekunde 30 mwanzoni, na tena mwishoni. Zidisheni kwa 2, mwandike namba zote mbili daftarini.