Kutoka Kipande hadi Tiki: Fomu Yako Inaomba ama Inachukua?

Mimi hupiga picha za mahafali na ruracio za huku kwetu Kaplong, mara nyingi pale chai inaanza. Kabla nikupe siku, unajaza fomu onlaini kwa simu. Nilikuwa najiringa na hiyo fomu vibaya sana.

Sasa juzi mzee mmoja alikuja kumlipia mjukuu wake picha. Kufika mahali nimeandika "namba ya kitambulisho," akanitazama: "Kijana, hii ni ya nini? Kwani unaniandika kazi?"

Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba nilikopi fomu ya mtu mwingine, maswali yake yote nikabeba hivyo hivyo.

Lakini hebu tuelewe mzee anatoka wapi. Serikali ya mkoloni ilipitisha sheria ya kusajili Waafrika mwaka wa 1915, ikaanza kutumika vita vilipoisha, 1919 na 1920. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alipaswa kubeba kipande: jina, kabila, alama za vidole, na rekodi ya kazi na mshahara. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma, na wengine wakakiita kengele ya mbuzi. Miaka hiyo ya 1920 ndiyo mashamba makubwa ya chai yalianza kuota Kericho.

Sasa sikia hii. Hungeweza kuacha kazi hadi mwajiri atie sahihi kwamba amekuachilia. Ukitoka bila hiyo sahihi, wewe ni mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Yaani kuingia ni kidole chako, kutoka ni kalamu ya mwingine. Harry Thuku na wenzake walilipinga jambo hili mwaka wa 1921. Kipande kilidumu hadi miaka ya 1940.

Unadhani hayo yaliisha? Julai 2023 vijana walipanga foleni KICC, Nairobi, kupigwa picha ya mboni za macho na Worldcoin. Malipo yalikuwa tokeni za karibu shilingi 7,000. Mwanzo wa Agosti serikali ikasimamisha. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ifutwe. Siwacheki waliopanga foleni, hapana. Mtu hana kitu mfukoni, unamwekea elfu saba mbele ya kamera, halafu unasema amekubali kwa hiari? Hiyo hiari ina njaa.

Ndiyo maana napenda Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Inasema ridhaa iwe ya hiari, ya jambo mahususi, na mtu awe ameelezwa akaelewa. Anayekusanya data ndiye wa kuthibitisha kwamba uliridhia. Na la maana zaidi: unaweza kuondoa ridhaa yako wakati wowote. Hapo ndipo kipande kinazikwa.

So nilirudi kwa fomu yangu, nikaivunja nikaijenga upya:

Kitambulisho nje. Kupiga picha nahitaji jina, simu, siku na mahali, basi. Chini ya kila swali nimeandika sababu yake kwa sentensi moja. Kama siwezi kuandika sababu, swali linatoka.

Tiki zimetengana. Kukubali kupigwa picha ni tiki moja. Kukubali niiposti ni nyingine, na hakuna iliyowekwa tayari. Ukikataa ya pili, bei haibadiliki.

Mtoto wa chini ya miaka 18, mzazi au mlezi ndiye anaridhia.

Lugha ni ya kwetu. Kurasa sita za maneno ya wakili hazisomwi na mtu, na kile hakijasomwa hakijakubaliwa.

Mwisho, kuna namba ya kunitumia neno moja, "Futa," nami nafuta picha kwa kurasa zangu.

Mzee alijaza fomu mpya kwa dakika mbili. Kwa kuposti, alikataa. Hiyo picha ndiyo kali kuliko zote nimepiga mwaka huu, mwanga wa jioni juu ya chai, babu na mjukuu wanacheka. Na hamtaiona hapa.

Wewe unayeuza nguo, unayesuka nywele, unayefanya kozi onlaini: fungua fomu yako leo. Mteja anaweza kutoka bila sahihi yako?