Rejeta ikivuja, usilazimishe safari: Jinsi ya kuiokoa injini

MADEREVA wengi humu nchini hukagua breki, taa na matairi kabla ya kufunga safari, ilhali wachache huikumbuka rejeta. Hata hivyo, tundu dogo kama la sindano katika kifaa hicho laweza kuiangamiza injini kwa muda wa dakika chache tu.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuziba tundu la rejeta ni kazi ya saa chache kwa fundi hodari. Gharama kubwa hutokea pale dereva anapoendelea kuendesha gari lililokwisha kuchemka, hadi kichwa cha injini kikapinda na gasketi yake ikaungua. Kwa mwenye matatu au lori, kila siku ambayo injini imefunguliwa ni siku isiyo na mapato, na mkopo wa gari haungoji.

Kazi ya rejeta

Injini inapochoma mafuta hutoa joto jingi. Maji yaliyochanganywa na dawa ambayo mafundi huiita kulanti huzungushwa na pampu, yakabeba joto hilo hadi kwenye rejeta. Humo hupita katika vijia vyembamba vilivyozungukwa na mabati mepesi, nao upepo wa safari na wa feni huyapoza kabla hayajarejea kwenye injini.

Mfumo huu hufungwa kwa kifuniko chenye springi, ambacho huzuia mvuke kutoka na hivyo kuongeza shinikizo. Umuhimu wake ni mkubwa hasa katika nyanda za juu. Pwani, maji huchemka katika nyuzi 100 za Selsiasi. Jijini Nairobi huchemka katika takriban nyuzi 94, na huko Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, katika takriban nyuzi 91. Kifuniko kizima huongeza kiwango hicho kwa nyuzi 20 hivi. Kwa sababu hiyo, gari ambalo halikusumbua Mombasa laweza kuchemka likipanda milima ya Bonde la Ufa iwapo rejeta inavuja au kifuniko kimelegea.

Dalili za kuvuja

Dalili ya kwanza ni kidimbwi chini ya gari asubuhi. Maji safi yasiyo na rangi wala harufu aghalabu hutoka kwenye kiyoyozi na si hoja. Kulanti huwa ya kijani, nyekundu, ya waridi au buluu, na ina harufu tamutamu. Dalili nyingine ni alama nyeupe au za kijani zilizokauka kwenye rejeta, kiwango cha maji kinachopungua kila wiki, na sindano ya kipimajoto inayopanda.

Jihadhari na sindano hiyo. Maji yakiisha kabisa, kihisio hubaki kwenye hewa na sindano yaweza kushuka, dereva akadhani gari limepoa.

Kadhalika, ukiona moshi mweupe usiokoma kwenye ekzosi, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, yamkini maji yanavujia ndani ya injini na tatizo limepita rejeta. Katika magari mengi ya gia za otomatiki, oili ya gia hupozwa ndani ya rejeta hiyo hiyo. Ikichanganyika na maji, gari lisiendeshwe tena, bali livutwe hadi gereji.

Gari likichemka barabarani

Zima kiyoyozi, washa hita kwa nguvu zote ili ipunguze joto la injini, kisha tafuta mahali salama pa kuegesha. Zima injini na uweke pembetatu za onyo.

Usifungue kifuniko cha rejeta. Maji yaliyo chini ya shinikizo huwa moto kupita kiwango cha kuchemka, na kifuniko kikilegezwa hugeuka mvuke papo hapo na kuruka usoni na kifuani. Subiri walau nusu saa, hadi mpira wa juu wa rejeta uwe baridi ukiugusa. Ndipo ufunike kifuniko kwa kitambaa kizito na kukizungusha polepole, huku uso ukiwa mbali.

Vilevile, usimwage maji baridi kwenye injini yenye moto, kwani chuma chaweza kupasuka. Injini ikishapoa, jaza maji safi kidogo kidogo. Iwapo uvujaji ni mdogo, endesha taratibu hadi gereji iliyo karibu ukisimama mara kwa mara kukagua. Iwapo maji yanamwagika kama bomba, ita gari la kukuvuta.

Tiba za dharura

Wapo madereva wanaotia yai bichi au pilipili manga ndani ya rejeta, na wengine hukandika sabuni ya kipande kwenye tundu. Mbinu hizi huweza kupunguza uvujaji kwa kitambo, lakini vitu vinavyotiwa ndani huziba vijia vyembamba pamoja na tundu lenyewe. Hata dawa za kuziba zinazouzwa madukani zina hatari hiyo zikizidishwa. Zichukulie kama njia ya kufika kwa fundi, kisha mfumo wote usafishwe.

Kwa fundi

Mwombe fundi apime mfumo kwa pampu ya shinikizo kabla ya kufungua chochote. Huenda kinachovuja ni mpira, klipu au pampu ya maji.

Rejeta kuukuu za shaba huzibwa vyema kwa kuchomelewa risasi. Nyingi za siku hizi ni za alumini zenye matangi ya plastiki, ambayo hukauka na kupasuka kwa uzee. Gamu ya plastiki haidumu hapo. Afadhali tangi au rejeta nzima ibadilishwe. Jambo hili lawahusu wengi, maana magari ya mtumba huruhusiwa kuingia nchini yakiwa na umri wa hadi miaka 8.

Usikubali fundi aondoe thamostati kwa kisingizio kuwa nchi yetu ina joto. Bila kifaa hicho injini huchelewa kupata joto linalofaa, hutumia mafuta mengi na huchakaa upesi. Kifuniko kipya nacho kiwe na kipimo kile kile kilichoandikwa kwenye cha awali, kwa mfano 0.9 au 1.1.

Kinga

Kagua kiwango cha maji kila wiki injini ikiwa baridi. Tumia kulanti iliyopendekezwa na mtengenezaji wa gari, kwani huzuia kutu na kupandisha kiwango cha mchemko. Maji ya kisima yenye chumvi huacha magamba yanayoziba rejeta.

Hatimaye, usiimwage kulanti kuukuu uani wala kuihifadhi katika chupa ya soda. Aina nyingi zina sumu ya ethilini glaikoli, na utamu wake huwavutia watoto na mifugo. Yeyote aliyeinywa apelekwe hospitalini mara moja, hata kama haonyeshi dalili zozote.