Siri ya Mgonjwa: Kutoka Kinywani mwa Tabibu hadi Kabatini mwa Zahanati

Wahenga wetu hawakumvumilia mtu anayeficha ugonjwa. Mficha uchi, walisema, hazai; na mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwa vizazi vingi methali hizi zimemwamuru mgonjwa afungue kinywa. Lakini mazungumzo ya tiba yana watu wawili, na methali hizi hazimpi amri yoyote yule wa pili, yaani anayesikiliza. Mgonjwa akishasema, neno lake linakwenda wapi? Nani analitunza, na nani mwingine analiona?

Katika makala haya nataka kulifuata neno hilo katika historia. Nafanya hivyo kwa sababu mjadala wetu wa sasa kuhusu usalama wa kumbukumbu za wagonjwa umeanzia mwisho. Tunazungumzia kompyuta na wadukuzi, ilhali tatizo la zahanati ndogo lilizaliwa zamani, siku siri ya mgonjwa ilipohama kutoka kichwani mwa tabibu na kuingia katika karatasi.

Kiapo kinachohusishwa na Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, kina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Kinamtaka tabibu anyamaze kuhusu yale aliyoyaona na kuyasikia katika maisha ya watu. Kiapo hicho kinafunga ulimi, wala hakitaji daftari. Siri ilikaa kwa mtu mmoja aliyeapa, naye alipokufa ilizikwa pamoja naye. Mwaka 1948, baada ya Vita Kuu ya Pili, Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha Tamko la Geneva lililorejesha ahadi hiyo kwa lugha ya kisasa. Mwaka 1968 tamko hilo liliongezwa maneno kwamba siri itunzwe hata baada ya mgonjwa kufariki. Nyongeza hiyo ina maana kubwa: kufikia wakati huo ilikuwa wazi kwamba habari za mgonjwa huishi kuliko mgonjwa mwenyewe.

Sheria, kwa upande wake, haikukimbilia kumlinda. Mwaka 1776 mjini London, daktari mpasuaji Caesar Hawkins aliitwa kutoa ushahidi mbele ya Bunge la Malodi katika kesi ya mwanamke wa tabaka la juu aliyeshtakiwa kwa kuolewa na waume wawili. Hawkins aliuliza iwapo alilazimika kufichua mambo aliyoyajua kwa sababu ya kazi yake. Akajibiwa kwamba daktari anayetoa siri kwa hiari anavunja heshima yake, lakini mahakama ikiuliza hana budi kujibu. Msimamo huo ulisafiri na dola ya Waingereza. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, iliyotumika Tanganyika hadi tulipotunga ya kwetu mwaka 1967, ilizikinga siri za mteja kwa wakili wake. Mgonjwa na daktari wake hawakupewa kinga ya namna hiyo.

Mabadiliko makubwa zaidi, hata hivyo, yaliletwa na kabati. Katika kliniki ya Mayo kule Rochester, Marekani, ambayo mizizi yake ni kazi ya daktari mmoja na wanawe wawili, madaktari waliandika habari za wagonjwa katika madaftari makubwa kwa kufuata tarehe. Mwaka 1907 daktari Henry Plummer alileta utaratibu mwingine: kila mgonjwa awe na namba yake na jalada lake moja, na kila anayemhudumia aandike humo. Ulikuwa uvumbuzi wa maana sana, na mpangilio wa aina hiyo ndio tunaouona leo katika masjala za hospitali zetu. Lakini jalada, tofauti na kichwa cha tabibu, lina miguu. Linabebwa na karani, linapitia kwa mhasibu, linalala katika chumba ambacho mfagizi ana ufunguo wake. Hawa wote hawakuapa kiapo chochote. Hapo ndipo siri ilipowazidi idadi walioahidi kuitunza.

Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo la kuongeza. Sehemu kubwa ya uandishi wa tiba za kisasa ilikuja kwetu kama kazi ya dola. Kati ya mwaka 1906 na 1907 Robert Koch alifanya utafiti wa malale katika visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, na dawa aliyoitumia, atoxyl, iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Alipendekeza pia wenye ugonjwa watengwe kambini. Katika utaratibu wa namna hiyo, mgonjwa aliandikwa ili dola imjue na kumdhibiti. Kumtunzia siri halikuwa swali.

Tabia hiyo ya orodha haikuondoka na wakoloni. Mwezi Februari 2015 serikali ya Kenya iliagiza yakusanywe majina ya watoto wa shule wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kwa nia iliyoelezwa kuwa ni kupanga huduma. Wanaharakati walikwenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo hilo lilikiuka haki ya faragha. Wanaharakati wanaosoma makala haya waikumbuke kesi hiyo. Inathibitisha kwamba hata orodha iliyoanzishwa kwa nia njema inaweza kumdhuru yule iliyokusudiwa kumsaidia.

Sasa turudi Tanzania. Zahanati binafsi zilizotapakaa mitaani leo ni matunda ya mageuzi ya juzi tu. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku tiba binafsi ya kibiashara, na mashirika ya dini yakaachwa yaendelee. Mwaka 1991 mlango ukafunguliwa tena. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Kwa hiyo zahanati ndogo zilirejea wakati karatasi ya majibu ya maabara ilikuwa imegeuka hatari. Karatasi hiyo ingeweza kuvunja ndoa, kumfukuzisha mtu kazi, au kumfanya atengwe na ndugu zake. Wapo waliopanda basi kwenda kuchukua dawa wilaya ya mbali, wakiikwepa kliniki iliyo jirani kwa kuogopa kuonekana. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 iliwataka watoa huduma watunze siri za wahusika. Ilikuja robo karne baada ya wagonjwa wale wa Kagera.

Hali ikoje leo? Ingia zahanati yoyote ndogo utazame mapokezi. Mara nyingi utakuta daftari la wagonjwa liko wazi mezani, na anayeandikishwa anasoma jina na ugonjwa wa aliyemtangulia. Fomu za madai ya bima, zenye jina na maradhi, zimerundikwa juu ya kiti. Majibu ya vipimo yamepigwa picha kwa simu ya muuguzi na kutumwa WhatsApp. Penye kompyuta, nywila ni moja kwa watumishi wote, nayo imebandikwa ukutani. Mimi mwenyewe nimewahi kununua karanga zilizofungwa katika karatasi ya maabara yenye jina kamili la mtu, umri wake na majibu yake ya kaswende. Hakuna mdukuzi aliyehitajika hapo. Kilichohitajika ni boksi la karatasi kuukuu na mtu asiyeambiwa kwamba karatasi hizo zina mwenyewe.

Sisemi kwamba kompyuta haina hatari zake. Nchini Finland, kampuni ya tiba ya kisaikolojia iitwayo Vastaamo iliibiwa kumbukumbu za wagonjwa wake, na mwezi Oktoba 2020 wagonjwa wakaanza kupokea barua pepe zikiwadai euro 200 kila mmoja ili mazungumzo yao na washauri yasianikwe. Mwaka uliofuata kampuni ikafilisika. Funzo la Finland halitofautiani na la karanga zangu: wagonjwa walimwamini mshauri aliyeketi mbele yao, lakini maneno yao yalikuwa mikononi mwa watu ambao hawakuwahi kuwaona.

Usalama wa kumbukumbu una sura mbili, nazo hazitengani. Kumbukumbu isionekane na asiyehusika, na ipatikane kwa anayehusika. Jalada lililoliwa na mchwa au kulowanishwa na mvua ya masika halijatunzwa, hata kama hakuna aliyelisoma. Mjamzito ambaye historia yake ya shinikizo la damu imepotea anaweza kulipa kwa uhai wake.

Katiba yetu, katika Ibara ya 16, inatambua haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo itaongeza safari za kumbukumbu kati ya zahanati na mifuko ya bima. Hatuna, basi, uhaba wa sheria. Tulichopungukiwa ni kuifikisha sheria mezani pa mapokezi.

Mengi yanayotakiwa hayahitaji mfadhili. Mgonjwa aitwe kwa namba. Daftari lifunikwe, kabati liwe na kufuli, na ijulikane nani ana ufunguo. Kila mtumishi awe na nywila yake, nayo ifungwe siku anayoacha kazi. Nakala rudufu ikae mbali na jengo. Karatasi zilizomaliza muda wake zichomwe mbele ya mtu anayewajibika, zisiuzwe kwa kilo. Na juu ya yote, kiapo kiwafuate wote wenye ufunguo: karani, mhasibu, fundi wa kompyuta na mfagizi, kila mmoja atie saini katika mkataba wake wa kazi kwamba habari za mgonjwa hazitoki.

Kwa watumishi wa umma wanaokagua vituo vya afya nina ombi moja. Mnapohesabu vitanda na kukagua tarehe za dawa, ulizeni pia ufunguo wa kabati uko kwa nani. Tumemwambia mgonjwa kwa karne nyingi kwamba akificha ataumbuka. Tusiwe sisi wa kumuumbua pale anapokubali kusema.