Bahari Ilipochafuka: Juma la Kwanza la Juni 1944 na Maana ya Neno Utabiri

Neno utabiri lina wapinzani wake. Katika mijadala ya istilahi, na hata katika madarasa yetu, huzuka mara kwa mara mtu anayedai kwamba neno hili haliwafai wanasayansi wa hali ya hewa kwa kuwa linanuka uaguzi: mtabiri, asema, ni yule afunguaye kitabu cha nyota, wala si yule asomaye barometa. Makala haya yanakusudia kulijibu dai hilo kwa njia ya historia kabla ya kuifikia kamusi. Nimechagua juma moja tu, la mvua na upepo, katika pwani za kaskazini-magharibi ya Ulaya. Katika juma hilo watu wachache ambao kazi yao ilikuwa kutabiri walilazimika kueleza, mbele ya majemadari wenye maisha ya maelfu mikononi mwao, kitu gani walikijua na kitu gani walikikisia.

Yafaa kwanza kukumbuka kwamba Waingereza nao walipata taabu hiyo hiyo ya kutafuta jina. Robert FitzRoy, aliyekuwa nahodha wa meli iliyomchukua Darwin kuzunguka dunia, alikabidhiwa mwaka 1854 idara mpya ya hali ya hewa. Oktoba 1859 meli iitwayo Royal Charter ilivunjikia pwani ya Wales kwa dhoruba, na watu zaidi ya 400 wakafa. Msiba huo ulimsukuma FitzRoy aanzishe ilani za dhoruba bandarini, na mnamo Agosti 1861 taarifa zake za hali ya hewa ya siku zijazo zikaanza kuchapishwa katika gazeti la The Times. Aliziita forecast. Neno hilo alilichagua kwa makusudi. Alieleza kwamba taarifa zake hazikuwa unabii wala bishara, bali rai iliyotokana na kukusanya na kupima dalili. Wasomaji hawakumsikia. Walimhukumu kama mnabii, na kila alipokosea wakamcheka. FitzRoy alijiua Aprili 1865, na mwaka uliofuata taarifa zenyewe zikasimamishwa. Basi kubadili jina peke yake hakukumwokoa mtu yule, na jambo hili wapinzani wa neno utabiri wangefaa walitafakari.

Tuje sasa kwenye juma lenyewe. Kwa hesabu ya wanafalaki, kiangazi cha kaskazini huanza karibu na tarehe 21 Juni. Kwa hiyo siku za mwanzo za Juni bado zimo katika mkia wa majira ya machipuko. Aliyepata kukaa katika pwani zile ajua kwamba mkia huo una hila. Mwandishi wa makala haya alisoma huko miaka miwili, akazoea kutoka asubuhi kwa jua na kurejea jioni amelowa chapachapa. Hata hivyo Juni ya mwaka 1944 ilipita kiasi. Mfululizo wa vitovu vya mgandamizo mdogo wa hewa, wa aina inayotazamiwa katikati ya majira ya baridi, ulikuwa ukivuka Bahari ya Atlantiki kuelekea Visiwa vya Uingereza.

Majeshi ya Uingereza, Marekani, Kanada na washirika wao yalikuwa yamekusanyika kusini mwa Uingereza yakingoja kuvuka bahari kwenda kushuka katika fukwe za Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, iliyokuwa imetekwa na Wajerumani. Masharti ya kuvuka yalikuwa magumu. Yalitakiwa maji yawe yametoka na kuanza kujaa mara tu baada ya alfajiri, ili vizuizi vilivyosimikwa ufukweni vionekane. Ulitakiwa mbalamwezi kwa ajili ya askari wa miavuli. Zilitakiwa mbingu zisizo na mawingu mazito kwa ndege, na bahari isiyochafuka kwa vyombo vidogo. Mwezi na maji havina siri, hesabu yake yajulikana miaka kabla. Hesabu hiyo ilitoa siku tatu, 5, 6 na 7 Juni, na mwezi mpevu ukiangukia tarehe 6. Baada ya hapo ingebidi kungoja takriban majuma mawili maji yarudi katika hali ile. Upepo na mawingu ndivyo vilivyokuwa nje ya hesabu.

Jenerali Eisenhower, mkuu wa majeshi hayo, aliweka makao yake katika Southwick House, karibu na bandari ya Portsmouth. Mshauri wake wa hali ya hewa alikuwa James Stagg, Mskoti, mwanasayansi aliyevishwa sare na cheo cha jeshi la anga. Stagg hakuchora ramani mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kusikiliza kwa simu makundi matatu ya watabiri, kisha kwenda mbele ya majemadari na kauli moja. Kundi la kwanza lilikuwa la idara ya hali ya hewa ya Uingereza, pale Dunstable. La pili la jeshi la majini. La tatu la Wamarekani. Nao hawakupatana.

Kiini cha kutopatana kwao ni jambo la elimu, wala si la tabia tu. Irving Krick, kiongozi mmojawapo wa Wamarekani, alitegemea kumbukumbu: huchukua ramani ya leo, akatafuta katika ramani za miongo iliyopita siku iliyofanana nayo, akaangalia siku ile ilifuatwa na nini. Njia hii isingemshangaza nahodha wa Lamu. Kalenda ya zamani ya mabaharia wetu, inayohesabu siku kwa miongo kuanzia Nairuzi, nayo yasimama juu ya imani kwamba mwaka huu utafanana na ule. Katika Bahari ya Hindi imani hiyo ina msingi, kwa kuwa kaskazi na kusi hubadilishana zamu kwa utaratibu wa kuaminika. Atlantiki ya kaskazini haina zamu. Pale Dunstable alikuwapo Sverre Petterssen, Mnorwe aliyelelewa katika wanazuoni wa Bergen, ambao hupima hewa ya juu na kufuatilia mwendo wa mipaka inayotenga hewa baridi na hewa ya joto. Mipaka hiyo, ambayo Jacob Bjerknes na wenzake waliieleza mara baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliipa jina la front, yaani mstari wa mapambano, kwa kuwa magazeti ya miaka ile yalijaa habari za mistari ya namna hiyo. Hivyo neno lililotoka vitani kwenda angani likarudi vitani baada ya miaka isiyozidi 25.

Dalili zenyewe zilitoka wapi? Hali ya hewa ya pande zile aghalabu hutoka magharibi, na sehemu ya mwisho ya nchi kavu kabla ya bahari kuu ni Ireland. Ireland haikuwamo vitani, lakini iliendelea kuipelekea Uingereza vipimo vyake vya hewa. Katika kituo cha Blacksod, kwenye pwani ya magharibi ya wilaya ya Mayo, mtumishi wa posta, Maureen Flavin, aliyetimiza umri wa miaka 21 tarehe 3 Juni 1944, alisoma barometa na kuona mgandamizo ukishuka upesi. Akapeleka taarifa. Akapigiwa simu aulizwe kama amesoma sawasawa. Akasoma tena, tarakimu zikawa zile zile. Hakuambiwa ni za nini, akaja kuelewa miaka mingi baadaye. Alifariki Desemba 2023, akiwa na miaka 100.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 4 Juni, Stagg aliwaambia majemadari kwamba tarehe 5 ingekuwa na upepo mkali na mawingu ya chini. Wamarekani katika makundi yake walikuwa na matumaini zaidi, na Jenerali Montgomery alikuwa tayari kwenda hata hivyo. Eisenhower aliahirisha kwa saa 24, na meli zilizokwisha kung'oa nanga zikaitwa zirudi. Jambo la kustaajabisha ni kwamba uamuzi huo ulifanywa wakati anga juu ya Portsmouth ilikuwa karibu shwari. Wale majemadari walitakiwa kuyasadiki maneno kuliko macho yao.

Jioni ya siku ile ile mambo yakapinduka. Mvua ilikuwa ikipiga madirisha na upepo ukivuma, naye Stagg akaingia kusema kwamba kungekuwa na nafuu. Ramani mpya zilionyesha kwamba nyuma ya mpaka wa hewa baridi uliokuwa ukipita palikuwa na kipenyo: tangu mchana wa tarehe 5 hadi tarehe 6 upepo ungepungua na mawingu yangeinuka kiasi. Hakuahidi bahari shwari. Alieleza nafuu, muda wake na mipaka yake, na shaka iliyobaki. Wakuu wa jeshi la anga, Leigh-Mallory na Tedder, walisitasita. Montgomery akataka waende. Alfajiri ya tarehe 5 Stagg alirudi, akasema kauli yake haijabadilika, na amri ikatolewa.

Upande wa pili wa bahari, watabiri wa Ujerumani hawakuwa na vituo vya kutosha huko Atlantiki, kwa hiyo waliiona dhoruba lakini hawakukiona kipenyo. Rommel, aliyekuwa na dhamana ya ulinzi wa pwani ile, aliondoka tarehe 4 Juni kwenda nyumbani kwake Ujerumani, ambako mkewe alikuwa akiadhimisha siku ya kuzaliwa tarehe 6.

Ilipofika tarehe 6 Juni, askari wapatao 156,000 walivuka. Lakini asidhani msomaji kwamba utabiri ulithibitika kama jibu la hesabu. Bahari ilikuwa bado imechafuka. Askari walishuka wakiwa hoi kwa kutapika. Mbele ya ufukwe ulioitwa Omaha, vifaru 29 vya kikosi kimoja, vilivyotengenezwa ili vielee, vilitiwa majini mbali na pwani, 27 vikazama. Mawingu yaliwafanya marubani waangushe mabomu nyuma ya ngome za adui badala ya juu yake. Baada ya vita kila kundi la watabiri lilidai kwamba lenyewe ndilo lililokuwa limesema kweli, na wanazuoni wa karne hii wamezichora upya ramani za siku zile na kuonyesha kwamba sababu zilizotolewa wakati ule hazikuwa sahihi zote. Kwa maoni yangu, mabishano ya nani alipatia hayana faida kubwa. Matumaini ya Wamarekani yangeleta maangamizi tarehe 5. Tahadhari ya Dunstable, kama ingeachwa peke yake, huenda ingeizuia hata tarehe 6. Kauli iliyofaa ilitokana na ubishi wao. Nayo nafasi iliyofuata ya maji kupwa ingefika mnamo tarehe 18 hadi 20 Juni: tarehe 19 iliangukia dhoruba nyingine, ikavuma siku tatu na zaidi, ikaibomoa bandari ya muda ya Wamarekani kule Normandy.

Turudi kwenye neno letu. Utabiri limetokana na Kiarabu ta'bir, nalo asili yake ni mzizi wenye maana ya kuvuka, kama mtu avukaye mto kutoka ng'ambo moja hadi nyingine. Ta'bir ni kufasiri ndoto, yaani kuvuka kutoka katika dalili hadi kwenye maana. Katika Sura ya 12 ya Kurani, aya ya 43, mfalme wa Misri awaomba wakuu wake wamfasirie ndoto yake, na kitendo kinachotumika ni cha mzizi huu huu. Ndoto ile, kama ijulikanavyo, ilihusu miaka saba ya neema na miaka saba ya njaa, na Yusuf hakuishia kwenye kufasiri. Alitoa na shauri la kuweka akiba ghalani. Sioni aibu ya mtaalamu wa mvua kurithi jina la kazi hiyo. Kuagua na kubashiri ni mambo mengine: mwaguzi hatakiwi aonyeshe njia aliyopita, na mwenye bishara huleta habari iliyokwisha kukatwa. Mtabiri huanza na dalili ambayo wengine nao wanaiona, akavuka, na twaweza kumwuliza amevukia wapi. Flavin aliulizwa. Stagg aliulizwa kila alipoingia.

Kasoro, basi, haimo katika jina, imo katika sarufi ya kauli inayolifuata. Mwanzoni mwa Oktoba 2023, baada ya wataalamu kuonya juu ya mvua za El Niño, Wakenya walitangaziwa na serikali kwamba mvua zingekuwa nyingi lakini hazingefikia kiwango cha maangamizi. Mwezi uliofuata mafuriko yalianza, na hadi mwisho wa msimu yalikuwa yameua watu zaidi ya mia moja nchini. Kilichopotea njiani ni kiwango cha shaka. Rai ya mtaalamu, iliyokuwa na huenda na yamkini, ilipofika jukwaani ilikuwa imevuliwa vielezi hivyo na kuvikwa kiambishi cha wakati ujao kisicho na masharti. Tofauti kati ya yatarajiwa kunyesha na itanyesha si ya mapambo. Kwa mkulima wa bondeni ni tofauti ya kuhamisha mbuzi au kutowahamisha.

Wenzetu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania wamepiga hatua inayostahili kuangaliwa na kamati zetu za istilahi. Taarifa ya msimu mzima huiita mwelekeo, nayo huandikwa kwa viwango, kama vile mvua za wastani hadi juu ya wastani. Neno utabiri hulitumia kwa taarifa za muda mfupi zaidi. Hapo maneno mawili ya kawaida yamegawana kazi kwa kadiri ya umbali wa kuvuka, bila kuunda hata istilahi moja ngeni.