Mji wa Yatima, Alexandropol

Mji wa Yatima ni jina yalilopewa makao ya watoto wa Kiarmenia yaliyokuwa Alexandropol, kaskazini-magharibi mwa Armenia (Leninakan tangu 1924, leo Gyumri). Yaliendeshwa katika miaka ya 1920 na Near East Relief, shirika la misaada la Marekani. Watoto wengi walikuwa manusura wa mauaji ya kimbari yaliyoanza mwaka 1915 katika Milki ya Osmani, au walifiwa na wazazi kwa njaa na maradhi ukimbizini.

Watoto zaidi ya 20,000 walikaa katika kambi za jeshi zilizoachwa na Urusi ya kifalme, zikiwemo Polygon na Kazachi. Adui mkubwa baada ya njaa alikuwa trakoma, ugonjwa wa vikope. Dawa ya wakati huo ilikuwa kupindua kope na kuisugua kwa mrututu, mara kwa mara, kwa miezi. Iliuma vibaya, lakini iliwaokoa wengi na upofu.

Malezi yenyewe yaligombaniwa. Tangu Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, watoto kama hawa walikuwa wakivutwa huku na huku: huko Antoura, Lebanoni, kiongozi wa Kiosmani Cemal Pasha alifungua makao ambamo yatima wa Kiarmenia walibadilishwa majina, wakakatazwa lugha yao na kulelewa kama Waturuki Waislamu. Alexandropol haikuwa na ukatili wa namna hiyo, ila mvutano ulikuwepo. Wamarekani, wengi wao wenye asili ya umisionari wa Kiprotestanti, walitaka mtoto mcha Mungu, mwenye nidhamu na ufundi mikononi. Serikali ya Kisovieti, iliyoshika madaraka mwishoni mwa 1920, ilitaka shule isiyo na dini na vijana wa Komsomol, jumuiya ya vijana wa Kikomunisti. Walimu Waarmenia nao waliona kwamba taifa lililonusurika lingeishi au kufa pamoja na lugha ya watoto hawa.

Wasovieti waliwatilia shaka Wamarekani, lakini hawakuwa na mkate wa kuwalisha watoto wote. Kwa hiyo walivumiliana. Bila mkate wa Wamarekani maelfu wasingefika ujanani, na mabishano ya itikadi hayapaswi kulifunika jambo hilo.

Tetemeko la Oktoba 1926 liliuharibu mji. Watoto wakubwa walikuwa wakipelekwa kazini na vijijini, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1930 shirika lilikuwa limeondoka, malezi yakabaki mikononi mwa serikali.